Tambarare karibu na mto: kijiji kipime nini kabla ya kupanga ardhi yake

Swali: "Mimi ni katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi katika kijiji kimoja cha bonde la Mkondoa, Wilaya ya Kilosa. Timu ya wilaya itakuja baada ya mavuno kutusaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na tumeambiwa tuwe na maelezo ya hali ya mazingira ya kijiji. Tumeandika kurasa mbili: kuna mto, msitu, mashamba, mifugo na milima. Mwenyekiti anasema zinatosha. Kijana mmoja wa kamati anataka tukodi droni. Tupime nini hasa, na kwa vifaa gani? Halafu kuna eneo tambarare zuri karibu na mto tunalofikiria kulitenga kwa makazi mapya. Je, nalo linahitaji kupimwa?"

Jibu

Ndugu Katibu, naanza na lile uliloliweka mwishoni, maana ndilo zito kuliko yote. Tambarare ya kando ya mto haikutokea yenyewe. Mto ndio ulioitandaza, ukimwaga tope lake kila ulipofurika, na hautaacha kufanya hivyo kwa sababu mkutano mkuu wa kijiji umepitisha azimio. Simamisheni ugawaji wa viwanja pale mpaka mmalize kazi nitakayoieleza hapa. Mengine yote yanaweza kusubiri timu ya wilaya.

Sasa kurasa zenu mbili. Ufupi wake si kosa. Kasoro yake ni kwamba mngeweza kubadilisha jina la kijiji mkaipeleka taarifa ileile Mvomero au Mlimba, na hakuna ambaye angegundua. Mto upo, lakini hufurika hadi wapi? Mifugo ipo, lakini Septemba inakunywa wapi? Maelezo yanayofaa kupangia huanza na maamuzi. Kaeni kama kamati mwandike maamuzi ambayo mpango utawalazimisha kuyafanya: nyumba zijengwe wapi, visima vichimbwe wapi, ng'ombe wapite wapi, kipande gani kilimwe mpunga na kipi kisiguswe, msitu uvunwe au ufungwe. Kisha kwa kila uamuzi ulizaneni: ni jambo gani kuhusu ardhi hii ambalo tukilijua litatufanya tubadili mawazo? Hilo ndilo la kupima. Lisilobadili uamuzi wowote liandikieni mstari mmoja msonge mbele. Zipo taarifa nene zenye orodha ya ndege kwa majina ya Kilatini, na ndani yake hukuti popote kina cha maji kisimani mwezi wa kumi.

Mfano wa kupima vibaya mnao jirani, upande wa pili wa milima yenu. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa ya ardhi ikitazamwa kutoka kwenye ndege, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga katika Afrika Mashariki na ya Kati ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Kongwa ndiko kulikoanziwa. Pori lilionekana rahisi kufyeka, halikuwa rahisi. Udongo wa pale una mfinyanzi unaoshikana wakati wa kiangazi kiasi cha kula majembe ya trekta, na karanga zilizokomaa zikang'ang'ania ardhini. Mvua nazo zikasaliti. Mradi ulioanza 1947 ulifutwa mapema 1951, na hasara iliyotangazwa ilikuwa takriban pauni milioni 36. Fedha zilikuwepo na mashine zilikuwepo. Walichokosa ni kuiona ardhi ile katika msimu wake mbaya, na kuwauliza Wagogo kwa nini wao pale walitegemea sana mifugo.

Kwa hiyo kwenu nianze na maji. Mkondoa hauanzii Kilosa. Maji yake hukusanywa tangu nyanda kavu za Dodoma kupitia mto Kinyasungwe, yakapita Mpwapwa na Gulwe, yakaongezewa na mito ya milima ya Rubeho na Ukaguru, ndipo yakawafikia ninyi yakielekea Wami na bahari. Mnaweza kuamka mkakuta mto umejaa siku ambayo kijijini hapajadondoka hata tone. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilipovunja kingo za mto huo, maelfu ya watu wa Kilosa walikosa makazi na reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa. Mnapoandika hali ya mazingira ya kijiji chenu, ukurasa wa kwanza uwe juu ya ardhi isiyo yenu: huko juu kunalimwaje, kunachungwaje, na mchanga unaoteremka unazidi au unapungua. Mto unaojaa mchanga kitandani hupandisha maji yake juu, na mafuriko ya kiasi kilekile cha maji hufika mbali zaidi kuliko zamani.

Baada ya hapo chukueni tambarare yenyewe. Kazi yake ni ya jembe, kamba na masikio. Tafuteni watu waliokuwepo mwaka 2010, na kama wapo, waliokuwepo wakati wa El Nino ya 1997/98. Msiwaulize "mafuriko yalikuwa makubwa?" Kila mtu atasema yalikuwa makubwa. Waulizeni maji yalifika wapi: kwenye kizingiti cha nyumba gani, tawi gani la mwembe, yalikaa siku ngapi, yaliingia kwa kutambaa polepole au kwa kishindo. Sikilizeni mashahidi wawili ambao hawajasikilizana, na wanawake waulizwe mbali na waume zao, kwa sababu aliyebeba watoto usiku ule anakumbuka kina cha maji kwa mwili wake mwenyewe. Kila alama mliyoonyeshwa ipakeni rangi na kuichukulia nukta ya GPS kwa simu. Simu ya kawaida inakosea mita chache kwa upande, na hilo linavumilika. Kimo chake msikiamini kabisa.

Kimo mtakipata kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa mita 20 hivi, uliojazwa maji. Mafundi ujenzi wote wanaujua. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja, kwa hiyo mnaweza kuanzia alama ya mafuriko ukutani na kuhamisha usawa ule, kigingi hadi kigingi, mpaka katikati ya viwanja mnavyotaka kugawa. Mkifika pale mkakuta usawa wa mwaka 2010 unapita kifuani kwa mtu mzima, hamhitaji mtaalamu awaambie neno lolote.

Hapa kuna mtego ambao vijiji vingi huingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Basi kamati hupima mita 60, huweka vigingi, na nje ya vigingi huona pako salama. Kifungu kile kimewekwa kuulinda mto, wala hakikuandikwa kuwaambia watu maji yataishia wapi. Kwenye bonde pana kama lenu, maji yanaweza kwenda kilomita nzima kutoka ukingoni. Mita 60 zihifadhiwe kwa ajili ya sheria, na mstari wa mafuriko uchorwe peke yake, kwa rangi nyingine.

Tazameni pia kama mto umewahi kuhama. Bonde la namna hii huwa na mikondo iliyokufa: vidimbwi virefu vilivyopinda, mistari ya matete na mikuyu mahali ambapo leo hapana mto. Picha za setilaiti zitawasaidia sana hapo, na hazilipiwi. Landsat imekuwa ikipiga picha za dunia tangu 1972. Sentinel-2 tangu 2015, na kila nukta ya picha yake ni mita 10 kwa 10. Kijana wenu wa droni mpeni kazi hii. Atafute picha za miezi ya kiangazi kwa miaka tofauti, alinganishe ukingo wa mto ulivyokuwa na ulivyo. Kwa siku za mafuriko yenyewe mawingu hufunika kila kitu, lakini picha za rada za Sentinel-1, zilizoanza 2014, hupenya mawingu, na maji yaliyotuama huonekana humo meusi. Ila akumbuke kwamba mfereji wa upana wa mita 4 hautaonekana vizuri kwenye nukta ya mita 10. Asipouona kwenye picha, asiandike kuwa haupo.

Na kama tuta jipya la barabara au la reli limejengwa karibu nanyi (reli ya kisasa inapita wilayani mwenu), alama za zamani hazitoshi tena. Tuta huzuia maji upande mmoja na kuyabana yapite kwenye makalavati machache. Hesabuni makalavati hayo, pimeni upana na kimo chake, angalieni mangapi yameziba kwa mchanga. Hesabu ya haraka itawafungua macho: milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Korongo linalokusanya maji ya kilomita 10 za mraba, likipata mvua ya milimita 50 mchana mmoja, limepokea lita milioni 500. Hata theluthi yake tu ikitiririka, yapitie wapi?

Mtasema basi, watu tuwapeleke mguuni mwa mlima. Huenda ni sawa, lakini papimwe pia. Mahali korongo linapotokea mlimani na kutandaza mchanga na mawe kwa umbo la kipepeo cha mkono, pale pametengenezwa na maporomoko. Ukichimba shimo ukakuta mawe makubwa yaliyochanganyika na tope bila mpangilio, ujue yalishuka kwa pamoja, na yatashuka tena. Katesh, chini ya mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliua watu zaidi ya 80. Watu wale hawakuwa wamejenga kando ya mto mkubwa. Tafuteni migongo midogo iliyo kati ya korongo na korongo, juu ya mstari wa mafuriko na nje ya midomo ya makorongo. Itakuwa finyu kuliko tambarare mliyoipenda, na kuibebea maji kutakuwa kazi, lakini ndiyo ardhi ya kulala watu.

Udongo ni somo linalopendeza kuliko yote, na limezaliwa kwetu. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alitaka kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki nzima, akagundua kwamba aina za udongo hazikutawanyika ovyo. Zinafuatana kwenye mteremko kwa utaratibu uleule, kilima hadi kilima: mwekundu juu, wa kijivu na kichanga miguuni, mweusi wa mbuga chini kabisa. Mfuatano huo aliuita katena, neno la Kilatini la mnyororo, na hadi leo wanafunzi wa udongo duniani kote wanaufundishwa. Wakulima waliujua kabla yake kwa majina yao. Wasukuma wana luseni, itogolo, ibambasi na mbuga, na kila jina linabeba ndani yake mahali udongo huo unapokaa kwenye mteremko na zao linalouweza.

Kwa hiyo msichukue sampuli ovyo. Chagueni mstari mmoja kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, mtembee wote pamoja: mzee wa Kisagara au Kikaguru anayejua majina ya udongo kwa lugha yake, mfugaji, mama anayelima bondeni, na bwana shamba wa kata. Kila mahali rangi ya udongo au mimea inapobadilika, simameni mchimbe shimo la kina cha mita moja na zaidi. Andikeni jina la kienyeji kwanza. Kisha chukueni tonge la udongo, lilowesheni, likandeni kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoka utepe mrefu usiokatika, mfinyanzi ni mwingi. Ukimomonyoka mara moja, mchanga ndio unaotawala. Jaribio la chupa nalo ni zuri kuonyesha mkutanoni: udongo na maji kwenye chupa, tikisa, acha. Mchanga hutua papo hapo, chembe za kati baada ya saa kadhaa, mfinyanzi hukaa umeelea hata siku nzima.

Lakini kitu cha kutazama kuliko vyote shimoni ni rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu. Madoa hayo hutokea mahali ambapo maji hukaa na kuondoka, mwaka hadi mwaka. Shimo likichimbwa Agosti linaweza kuwa kavu kabisa na bado likawaambia maji ya masika hufika sentimita ngapi kutoka juu. Mkiyakuta madoa hayo kwenye nusu mita ya kwanza, msiweke pale nyumba wala vyoo vya shimo. Choo cha shimo kinatakiwa kitako chake kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, na kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Tambarare nyingi za kando ya mto haziwezi kutimiza sharti hilo wakati wa masika, na kipindupindu hakiulizi kama viwanja viligawiwa kihalali.

Visima vipimeni mara mbili: mwishoni mwa masika, Mei, na mwishoni mwa kiangazi, Oktoba. Kamba yenye jiwe na tepu vinatosha. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ina faida kuliko kipimo chochote kimoja, kwa sababu inaonyesha kisima kipi kinategemea mvua ya mwaka huo na kipi kina akiba. Timu ikija Agosti hamtakuwa na cha Oktoba. Waulizeni wachotaji huongeza pingili ngapi za kamba mwaka wa ukame, na andikeni wazi kwamba hayo ni maelezo yao, hamkupima.

Kuhusu mvua, ombi langu ni moja: msikubali kupewa wastani peke yake. Wastani wa milimita 800 unaweza kutokana na miaka yenye 800, au na miaka ya 1,200 na ya 400 ikipokezana, na mahindi hayali wastani. Ombeni Mamlaka ya Hali ya Hewa takwimu za kituo cha karibu kwa miaka 20. Zipangeni kutoka mwaka wa mvua nyingi hadi wa mvua chache, hesabuni kutoka juu hadi wa 16. Kiasi hicho ndicho mnachoweza kukitegemea takriban miaka 8 kati ya 10, na zao linalohitaji zaidi ya hapo lisiwe tegemeo la chakula cha kijiji. Fanyeni hivyo kwa vuli peke yake na masika peke yake. Kituo kikiwa mbali sana, yapo makadirio ya setilaiti tangu 1981 kwa vipande vya kilomita 5 hivi, bwana shamba kijana anaweza kuyapakua. Milimani hukosea, yatumieni kulinganisha mwaka na mwaka tu.

Sasa malisho, na hapa naomba mpunguze adabu ya kukwepa jambo. Kilosa inajua gharama yake. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Vijiji vingi tangu hapo vimetenga "eneo la malisho" kwa kuchora kipande ambacho hakuna mkulima aliyekitaka, bila kuuliza kama kina majani na maji. Mpango wa hivyo unavunjwa na ng'ombe wa kwanza mwenye kiu.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa zimekomaa, chukueni fremu ya mraba ya mita moja, irusheni sehemu mbalimbali bila kuchagua, kateni nyasi zote zinazolika ndani yake, zianikeni hadi zikauke kabisa, pimeni. Tuseme mmepata wastani wa gramu 200. Hizo ni kilo 2,000 kwa hekta. Msizihesabu zote, nyingine hukanyagwa, nyingine huliwa na mchwa, na nyingine lazima zibaki kufunika udongo. Chukueni theluthi, kama kilo 670. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 2,300 za majani makavu kwa mwaka. Kwa hiyo kila mmoja anataka hekta 3.4 hivi. Eneo la hekta 400 litalisha ng'ombe wasiozidi 120. Kama kijijini wapo 1,000, ukweli huo usemwe mezani mapema, wafugaji wakiwepo, halafu mjadili: wangapi, miezi gani, mabua ya mashambani baada ya mavuno yatumikeje, na kijiji gani cha jirani kina nyasi bila maji huku ninyi mna maji bila nyasi.

Maji ya mifugo yapimwe pamoja na njia ya kuyafikia. Ng'ombe wakati wa joto anahitaji kama lita 25 hadi 40 kwa siku, na mtoni atakwenda, kuwe na mpango au kusiwe. Mwekeeni njia yenye upana unaoeleweka, iishie mahali ambapo ukingo ni mgumu na hakuna shamba. Wafugaji wenyewe wachore mzunguko wao wa mwaka, mwezi kwa mwezi, chini kwenye mchanga kama hawapendi karatasi, nanyi mnakili.

Hili linavuka mpaka wa kijiji, na sheria inaruhusu. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inatoa nafasi kwa vijiji kupanga pamoja rasilimali wanayoitumia kwa pamoja. Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa njia hiyo. Ulizeni timu ya wilaya kuhusu uwezekano huo siku ya kwanza, kabla ramani haijachorwa, kwa sababu ikishachorwa kila kijiji hubaki kikilinda mstari wake.

Msitu na wanyamapori nitapita haraka, si kwa dharau, ila wilaya ina maofisa wake na miongozo ipo. Andikeni msitu unawapa nini na nani anautegemea, miti ya mbao inabaki ya unene gani, visiki vingapi ni vya mwaka huu. Kama mko upande wa Mikumi, choreni njia za tembo kwa kufuata mashamba yaliyovamiwa, na ulizeni idara ya wanyamapori kama njia hiyo inaangukia kwenye kanuni za shoroba (mapito ya wanyamapori) za mwaka 2018. Hewa, kelele na mitetemo, vinavyojaza kurasa kwenye Tathmini ya Athari kwa Mazingira za viwanda na migodi, kwenu aya moja inatosha. Tathmini hizo huuliza mradi fulani utaharibu nini. Ninyi mnauliza ardhi hii inaweza kubeba nini.

Mkishapata yote haya, msiyaandike kwa mada: hali ya hewa, udongo, mimea, maji. Yaandikeni kwa kanda za ardhi yenu, kama mlivyoziona kwenye ule mstari wa kutoka kilimani hadi mtoni: mgongo wa kilima, mteremko, miguu ya mlima, tambarare ya juu, tambarare inayofurika, ukingo wa mto. Kila kanda ukurasa mmoja: udongo wake, maji yake Mei na Oktoba, nani anaitumia na lini, inaweza kubeba nini, nini kisifanyike hapo kabisa. Pembeni mwa kila jambo wekeni alama moja kati ya tatu: tumepima, tumeambiwa, tumekisia. Timu ya wilaya itawaheshimu zaidi kwa alama hizo kuliko kwa kurasa, na mtu atakayekuja miaka 10 baadaye kuupitia mpango atajua aanzie wapi kurekebisha.

Droni: hapana, si sasa. Inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inataka fedha, na itawapa picha nzuri ya siku moja ya kiangazi, siku ambayo tambarare yenu inaonekana bora kuliko siku zote. Kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo nunueni tepu, mpira wa maji, koleo mbili, kipimo cha mvua cha kuweka shuleni, na nakala ya ramani ya 1:50,000 kutoka kwa watu wa Upimaji na Ramani. Barua iende kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro, kuomba vipimo vya kimo cha mto vya kituo kilicho karibu nanyi. Barua hiyo itumwe wiki hii, kwani majibu huchelewa, na kazi ya kutafuta alama za mafuriko ianze na wazee walio wagonjwa.